Vumbi la Dari

Wahindi walipofukuzwa, duka moja la ghorofa mjini Kampala lilipewa kapteni wa jeshi. Alitaka ghorofa ya juu iwe baa, akatuita mafundi wawili tuondoe dari. Mimi nilikuwa seremala wa Makindye, mwenye mke na watoto wawili. Mwenzangu alikuwa fundi mkongwe wa Kibuli, nilimwita Mzee.

Mzee alipanda ngazi, akavunja kona ya ubao mmoja wa kijivu uliofanana na saruji, akanionyesha. Palipovunjika palichomoza nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele.

"Hii si saruji tupu, ni asbesto," alisema. "Mhindi aliyenifundisha kazi alikataza kabisa kuikata ikiwa kavu. Tuiloweshe, tung'oe misumari, tuishushe nzima nzima."

Tulikuwa tumeshusha mbao sita Kapteni alipoingia. Aliitazama ndoo yetu ya maji, akaipiga teke.

"Maji ya nini? Nyinyi nakuja kufanya kazi ao kuogesha nyumba? Piga nyundo! Kesho nataka yote iko chini."

"Afande," Mzee alisema kwa upole, "vumbi la kitu hiki linaua."

Kapteni aligusa bastola kiunoni. "Hii naua haraka zaidi."

Tukapiga nyundo. Vumbi lilijaa chumba mpaka sikumwona Mzee, nikawa namsikia tu akikohoa. Alikuwa na leso moja. Aliichovya katika maji yaliyosalia ndooni, akanifunga mimi puani na mdomoni.

"Na wewe, Mzee?"

"Wewe una watoto wadogo."

Sikubishana naye. Niliogopa, nikaikubali. Jioni mke wangu alikung'uta nguo zangu uani, watoto wakicheza karibu yake, nami nikaingia ndani kuoga bila kumwonya.

Utawala wa kijeshi ulipoanguka, Kapteni alitoweka. Miaka mingi ikapita kabla Mzee hajaanza kubanwa na pumzi. Mwishowe alikuwa akilala ameketi, mito mgongoni, akitamka maneno mawili kisha anapumzika. Daktari alimuuliza kama amewahi kuvuta sigara. Hakuwahi hata siku moja.

Wiki moja baada ya kumzika nilikwenda kwenye lile jengo. Sehemu ya dari ya kijivu ambayo hatukuagizwa kuing'oa ilikuwa bado ipo juu ya ngazi za kupandia ghorofani, na fundi wa umeme alikuwa akiitoboa apitishe waya. Nilimsimulia yote. Alinisikiliza kwa heshima, akasema mwenye nyumba anamsubiri, akawasha tena mashine yake.