Mbio za Mkia

Harufu ya tope la silanga haijanitoka puani. Ni harufu ya maji yaliyokaa, samadi na majani yaliyooza, na kila nikiipata hata leo, taya zangu hukazana. Silanga letu, bwawa la udongo ambalo wazee walilichimba kwa majembe, lilikuwa chini ya shule, upande wa Mutomo, na katika miaka ile ya themanini lilijaa pale tu mvua ilipotukumbuka. Hapo ndipo nilipojifunza kuogelea. Watu huingia katika michezo hii ya kuchosha mwili kwa sababu nyingi. Kuna wanaotafuta afya, kuna wanaotafuta marafiki, kuna wanaokimbia tumbo lao wenyewe. Mimi niliingia kwa chuki, na sioni haja ya kuipaka rangi.

Niliyemchukia alikuwa Mwalimu Musembi. Yeye ndiye aliyechagua wakimbiaji wa shule, na njia yake ilikuwa moja: alitupanga mstari kwenye goli moja la uwanja, akapuliza filimbi, na waliofika goli la pili mapema wakawa wake. Nilikuwa darasa la sita, msichana mwenye haya ambaye hata kuomba ruhusa ya kwenda msalani kulimtoa jasho. Nilifika wa mwisho. Angeweza kuniacha niende zangu. Badala yake alinisimamisha mbele ya gwaride, akaniuliza, "Wee, nyumbani unafanya kazi gani?" Nikanong'ona kwamba nachunga ng'ombe. "Basi kafuate ng'ombe. Na ukae huko huko nyuma, kwa mkia." Shule nzima ilicheka, walimu pia. Tangu siku hiyo sikuitwa Mumbua tena, niliitwa Mkia. Nikienda kuchota maji, wenzangu walipiga kelele: "Mkia, umefika? Sisi tulijua ni kesho!" Kanisani walinionyesha benchi la nyuma. Ndugu yangu mdogo naye alijaribu, nikamfinya mpaka akakoma. Hao wengine sikuweza kuwafinya.

Nikafuata ng'ombe. Wakati wa kiangazi walikwenda mbali sana kutafuta nyasi, nami nikawa nawakimbilia, nikipita kwenye mchanga wa mto uliokauka, ambako kila hatua inakuvuta chini. Niligundua kwamba sikuwa mwepesi, lakini pia sikuwa nachoka. Baiskeli ya baba, ile kubwa nyeusi ya kubebea mitungi, niliiendesha nikiwa nimepitisha mguu mmoja chini ya bomba, kwa sababu nikikaa kitini miguu haikufika. Kuogelea ndiko kulikokuwa na hatari. Kina mama wote walikukataza, na walijua namna ya kukushika: mama alikuvuta mkono akaukwaruza kwa ukucha, na ngozi ikiacha mstari mweupe, basi ulikuwa majini, na fimbo ilikuwa karibu. Jioni moja mwaitu, mama yangu, alinikwaruza. Mstari ukatokea, mweupe kama chaki. Aliniuliza naenda silangani kutafuta nini. Nikamwambia jina wanaloniita na aliyelianzisha, na kwamba natafuta kitu nitakachomshinda nacho. Aliingia ndani, akatoka na kopo la mafuta. "Jipake kabla baba yako hajafika," akasema. Hakunikwaruza tena.

Mwaka uliofuata alikuja mwalimu kijana wa kujitolea kutoka ng'ambo. Alitueleza mchezo ambao mtu anaogelea, anapanda baiskeli, halafu anakimbia, bila kupumzika katikati. "Hiyo ni mchezo ama ni adhabu?" wazee waliuliza. Hata hivyo siku ya kufunga muhula aliandaa mbio hizo, kutoka silangani hadi mlangoni mwa kanisa, na watu walijaa kutazama. Mwalimu Musembi alileta vijana wake wepesi, wakiongozwa na Mutua. Aliponiona nimesimama ukingoni na sare yangu ya shule, alipaza sauti: "Hata Mkia? Haya, lazima awepo wa kufunga mlango!"

Wale vijana waliingia majini kama wanaokimbizwa na nyuki, na kabla ya kuvuka walikuwa wameishiwa pumzi. Mimi nilikwenda polepole. Kwenye mto mkavu walisukuma baiskeli zao moja kwa moja, magurudumu yakazama. Mimi na baiskeli ya baba tulipita njia ya punda wa kubeba maji, pale mchanga ulipokanyagwa ukashikana. Tulipotupa baiskeli na kuanza kupanda kilima kuelekea kanisani, Mutua peke yake ndiye aliyekuwa mbele yangu, akitembea, ameshika mbavu. "Mkia, ningoje, twende pamoja," aliniambia. Nilimpita karibu sana, makusudi, ili asikie kwamba hata sihemi.

Mlangoni mwa kanisa Mwalimu Musembi alinidaka mkono akauinua juu. "Mnaona? Ni mimi nilimwambia afuate ng'ombe! Huyu nimemtengeneza mimi!" Watu wakaanza kupiga makofi. Nilikuwa nimefika ili aaibike, naye alikuwa anauchukua ushindi wangu mbele ya macho yangu. Nikauvuta mkono. "Naitwa Mumbua," nikasema. Alicheka, akitafuta wa kucheka naye, hakumpata. "Mwalimu, mwite jina lake," mwaitu alisema kutoka kwenye umati. Musembi alilitaja chini chini. Nikamwambia, "Hawajasikia." Akalirudia kwa sauti.

Siku hizi naishi Makueni, na Jumamosi nafundisha watoto mchezo ule ule. Wana kofia ngumu, miwani ya majini, baiskeli za gia. Kina mama, ambao zamani wangewakwaruza mikono, sasa wako ukingoni wakipiga picha kwa simu. Filimbi sina. Mwezi uliopita alikuja Musembi, sasa mzee mwenye mkongojo, pamoja na mjukuu wake, Kioko. "Mwalimu Mumbua," alinisalimu mbele ya wote, bila kuombwa, na utamu wa kulisikia jina hilo kinywani mwake ulikuwa bado haujaisha. Alisema mtoto ni mwepesi sana. Mtoto huyo alikuwa ameketi chini, hoi baada ya mzunguko mmoja.

"Wepesi hautoshi, mzee. Kwanza akafuate ng'ombe."

"Siku hizi hatuna ng'ombe," alisema, akitazama chini.

"Mimi ninao."

Kwa hiyo Kioko huja na kuwafuata, na miguu yake inakomaa. Hapa kwangu hakuna anayemwita jina lingine, ningemfukuza. Babu yake humngoja langoni, juani, ameegemea mkongojo. Kiti kiko barazani, anakiona. Sijampelekea.