Upande wa Korongoni

Uwanja wa mpira wa kikapu wa chuo chetu ulikuwa umelala upande. Nasema "chetu" ingawa sikusoma pale hata siku moja. Nilikuwa mke wa fundi wa jenereta tu, niliyeletwa Karatu kutoka Singida na cherehani ya mkono na sanduku la bati. Chuo kilikuwa kidogo, cha walimu wa shule za msingi, kilichofunguliwa haraka haraka miaka ile ya sabini serikali ilipotaka kila mtoto aingie darasani. Wanafunzi wenyewe ndio waliouchimba uwanja kwa majembe kwenye mteremko, wakachoka kabla haujawa sawa. Upande wa juu kulikuwa na madarasa. Upande wa chini, ukishavuka mstari wa majivu kidogo tu, ardhi ilikatika ikaingia korongoni.

Mpira ulikuwa mmoja. Ukiingia korongoni, mchezo unasimama, refa anakaa chini, na mtu anateremka kuutafuta kwenye miiba. Ndiyo maana sisi mashabiki hatukukaa tunapotaka. Tulikaa upande wa korongoni, bega kwa bega, tukawa ukuta. Mpira ukija unamgonga mtu, mtu anaudaka, anaurudisha uwanjani. Hicho ndicho kilikuwa kiingilio chetu. Baadaye maishani nimeona mpira huo mjini, watu wamekaa kwenye ngazi za saruji wanatafuna karanga, mikono mitupu, na nimeshindwa kabisa kuupenda.

Mume wangu alikuwa anafanya kazi kwenye hoteli ya watalii huko juu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, ananuka dizeli, analala fofofo, anaondoka. Tulipanga nyumba katikati ya Wairaqw. Watu wa kwetu Singida walikuwepo, lakini waliishi kwenye makambi ya mashamba ya kahawa, mbali kwa miguu. Majirani walinisalimia vizuri kwa Kiswahili, kisha wakageukiana na kuendelea kwa lugha yao, yenye sauti zinazotoka ndani kabisa ya koo. Nilijaribu kuzitamka mara moja, watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Sikujaribu tena, kwa sababu mimi ni mtu wa hasira na sipendi kuchekwa. Nilikuwa mpweke. Ilifika mahali nikawa naisemesha cherehani.

Jumamosi moja nilifuata makelele nikafika chuoni. Mama mmoja mnene wa sokoni, muuza vitunguu, alinitazama nimesimama pembeni na kanga yangu, akasogea, akapigapiga majani kando yake. "Kaa hapa, utatuzibia," akasema. Nikakaa. Haukupita muda mpira ukanijia kifuani, nikaukumbatia kwa hofu, na ukuta mzima ukapiga makofi. Toka siku hiyo, Jumamosi ilikuwa siku yangu.

Nilizijua tabia za wachezaji kuliko za mume wangu. Kulikuwa na kijana mrefu wa Kimaasai kutoka upande wa Nainokanoka, aliyecheza na viatu vya matairi. Aliruka wima, miguu pamoja, akaenda juu kuliko wote, na huko juu akasahau kuurusha mpira. Akateremka nao vilevile. Tulikuwa tunampigia kelele ashuke na barua, tukimaanisha atuletee habari za mawinguni. Kulikuwa na mfupi mmoja kutoka pwani, mtu wa maneno, aliyejua kila jiwe la uwanja. Alimvuta mgeni mpaka penye kokoto, akadundisha mpira juu ya ile kokoto makusudi, ukaruka upande asioutarajia mtu isipokuwa yeye. Wageni walilalamika kwa refa. Refa alikuwa mkufunzi wetu wa hesabu, kwa hiyo walikuwa wanalalamika bure. Na kulikuwa na mmoja Mwiraqw, mzaliwa wa bonde la pili kutoka kwangu, mpole, asiyekosa goli akisimama kushoto.

Nilipokuwa mjamzito sikuacha kwenda. Waliniweka mwisho wa ukuta, ambako mpira ulifika umeshachoka. Mama wa vitunguu aliniwekea mkono mbele ya tumbo kila mpira ulipokuja upande wetu, na nilipiga vigelegele vya kwetu Singida, virefu, mpaka yule mfupi wa pwani akatuinamia kama mtu aliye jukwaani.

Mtoto alizaliwa zahanati. Alikuwa wa kike. Hakufikisha wiki.

Mume wangu aliteremka, tukazika, akarudi kwenye jenereta. Mimi nikakaa ndani nikingoja watu. Kwetu, nyumba yenye msiba haikosi mtu. Wanalala sebuleni, wanakupikia, wanakusemesha hata usipotaka. Pale hakuja mtu. Walisimama nje ya ua wa minyaa, wakasema pole kutoka kule, wakaondoka. Mtu aliacha kibuyu cha maziwa mpakani mwa kiwanja. Nilipokiosha na kukirudisha kwa bibi jirani, alirudi nyuma, akaniambia nikiweke chini, nikae nacho tu. Aliyezoea kuniletea nguo za kushona alipitia njia ya juu. Niliamini wamenidharau. Niliamini wanasema nimemuua mwanangu kwa kukaa mpirani na tumbo. Nilikasirika mpaka machozi yakakauka, na kwenye hasira hiyo nikaamua kwamba Jumamosi nitakwenda chuoni, kwa sababu pale angalau nilikuwa na kazi.

Walikuja kucheza wanafunzi wa chuo cha kilimo. Nilifika mchezo umeanza, nikakaa mahali pangu pa zamani, katikati ya ukuta. Mama wa vitunguu akainuka. Akachukua kikapu chake akaenda mwisho kabisa. Aliyekuwa kulia naye akasogea. Wakainuka kimya kimya, mmoja mmoja, na ukuta wetu uliokuwa hauna pengo ukawa na nafasi ya kupitisha ng'ombe, na mimi katikati yake.

Mpira nao ukaja hapohapo. Niliudaka. Nikasimama, nikanyoosha mikono nao, nikingoja mtu aupokee. Aliyekuja mbio ni yule kijana Mwiraqw. Alipoona ni mimi, akasimama ghafla, mikono yake imeshainuka. Akaishusha. Alinitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonimaliza, kwa sababu dharau ningeijibu. Mkufunzi, mtu wa Bukoba asiyejua lolote, akapuliza filimbi na kupiga kelele, "Mama, rusha mpira! Tunakungoja wewe!"

Nikaurusha. Ukaanguka chini, ukabingirika, na katika wale wote hakuna wa kwetu aliyeuinamia. Mgeni mmoja wa chuo cha kilimo akauokota, akafunga goli, wenzake wakashangilia. Yule kijana alikwenda pembeni kwenye ndoo, akanawa mikono ambayo haikugusa kitu, akakaa nje. Tulifungwa siku ile. Niliondoka kabla ya mwisho, na njia nzima nilijiambia kwamba sitarudi kwenye uwanja ule hata wanibebe.

Asubuhi yake bibi jirani alikuja kwenye minyaa akaniita. Alikuwa mjane, aliyejifunza Kiswahili kwa kuuza mayai kwa watu wa hifadhi, na alikisema kwa nguvu, kama anayevunja kuni.

"Mwanangu, jana ulifanya nini?"

"Nilikwenda kuangalia mpira. Nyie mna nini na mimi?"

"Hakuna aliyekuambia?"

"Kuniambia nini?"

Akashika kichwa. "Sisi ni wajinga. Tulidhani unajua. Wewe una metimani."

Alinieleza akiwa amesimama huko huko ng'ambo ya minyaa. Nyumba iliyofiwa na mtoto inakaa peke yake. Hawaingii kwa watu, watu hawaingii kwao. Hawakai penye mkusanyiko, hawachangii chombo wala moto, wala hawashiki kitu kitakachoshikwa na wengine, ili kifo kisipate njia ya kupita. Mpaka mwaka uzunguke, au mwanamke apate mimba nyingine. Kanisa lilikuwa linaikemea desturi hiyo, na watu wengi walishaanza kuiacha, lakini bonde letu lilikuwa bado.

"Siyo chuki," akasema. "Mimi mwenyewe nilikaa hivyo mara mbili. Hakuna anayekuchukia."

Sijui kama nililazimika kushukuru. Nilichohisi ni kwamba ningependa zaidi wanichukie. Mtu anayekuchukia unaweza kugombana naye, mkamalizana. Habari ya mimba nyingine niliicheka kwa uchungu, kwa mume anayekuja mwisho wa mwezi akalala.

Nilikaa wiki kadhaa bila kwenda popote. Jumamosi nilisikia yote kutoka uani kwangu: filimbi, kimya cha mtu anayelenga, kisha ama mguno ama kelele. Nikajifunza kuujua mchezo kwa masikio. Halafu nikachoka na masikio. Ng'ambo ya pili ya korongo kulikuwa na kilima cha malisho, kisicho na nyumba. Nikapanda huko na kikombe na chupa ya chai, nikakaa kwenye majani. Wachezaji walionekana wadogo, na mpira wenyewe haukusikika ulipodunda mpaka ulipokuwa umeshainuka tena mikononi. Niliona pia migongo ya ukuta wetu, migongo yote, imenigeukia. Nilikuwa sijawahi kuwaona kwa upande huo.

Nilifanya hivyo misimu yote miwili, ya mvua na ya vumbi. Nilishangilia kwa sauti ya chini, kwa sababu kupiga vigelegele peke yangu juu ya kilima kungenifanya nionekane nimerukwa na akili, na nilishakuwa na sifa za kutosha. Wakati mwingine kijana Mwiraqw, kabla ya kulenga, alitazama juu upande wangu. Labda alikuwa anatazama jua.

Wakaja wanafunzi wa chuo kikubwa kutoka Arusha, na lori zima la mashabiki wao. Bonde lote lilikwenda. Nilikuwa nimeshakaa kilimani pangu niliposikia fimbo kwenye mawe nyuma yangu. Ni bibi jirani. Alikuwa ameteremka korongo lote na kulipanda, na umri ule, na pumzi zilikuwa zinamwishia. Akaja, akakaa kando yangu kabisa, bega lake likagusa langu. Sikuwa nimeguswa na mtu tangu mume wangu alipokuja mara ya mwisho.

"Nimechoka kuongea na wewe kwa kupiga kelele," akasema. "Nipe chai."

Akanyoosha mkono kuelekea kikombe changu, ambacho nilikuwa nimeshakinywea.

Nataka nilieleze hili kama lilivyokuwa. Sikuamini kwamba kifo kinapita kwenye kikombe. Siamini mpaka leo. Na kitu nilichokitamani kuliko vyote duniani wakati ule, kuliko mume wangu arudi, kuliko hata mtoto mwingine, ni mtu mmoja anywe kwenye kikombe changu nikiwa namtazama. Angekunywa, ningekuwa nimerudi kuwa mtu. Lakini nilijua vilevile kwamba mke wa mwanawe alikuwa mjamzito, amefikisha mwezi wa kujifungua, na walilala nyumba moja, na chungu chao kilikuwa kimoja. Watoto wachanga wanakufa. Wangu alikufa bila mtu yeyote kunywa chai ya mtu. Kama mjukuu wake naye angekufa, bonde zima lingejua ni kwa nini, na bibi angejua, na mimi, ambaye siamini, ningelala na jambo hilo usiku wote uliobaki wa maisha yangu.

Nikakivuta kikombe, nikamwaga chai kwenye majani.

Alitazama majani yalivyolowa. "Wewe huamini mambo yetu," akasema.

"Siamini."

"Sasa umemwaga kwa nini?"

"Sogea kule, bibi," nikamwambia. "Kaa kwenye lile jiwe. Tafadhali. Na ukifika nyumbani, oga kabla hujaingia."

Nilidhani atakasirika. Akajiinua kwa fimbo yake, akaenda mpaka kwenye jiwe, mbali kiasi kwamba ilibidi tuanze tena kupiga kelele. Hakuondoka. Chini refa alipuliza filimbi, watu wakaguna.

"Kumetokea nini?" akaniuliza kwa sauti kubwa. "Macho yangu hayafiki huko!"

"Yule Mmaasai ameruka tena na mpira!"

"Ameurusha?"

"Bado!"

Akacheka, akapiga fimbo chini. Nikamsimulia mchezo wote, kila pasi, kila faulo, nani ameanguka, nani amemsukuma nani, mpaka sauti ikanikauka. Nilikuwa nalia, lakini kwa macho yale na umbali ule hakuweza kuona, na mpira ulikuwa bado unachezwa, kwa hiyo nikaendelea kumwambia nani anao.