Jibu Nililotoa Mbele ya Baba Mdogo

Ukuta wa upande wa jikoni uliangukia nje, na hiyo ndiyo bahati pekee tuliyoipata msimu ule wa mvua. Ungeangukia ndani ungemkuta mdogo wetu wa mwisho amelala mkekani akisubiri uji. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta uani, amejifunika mwavuli uliovunjika mbavu, sufuria mapajani. Nyumba ilikuwa wazi kama duka. Kila anayepita njiani aliona kitanda chetu, ndoo zetu na nguo tulizotundika kwenye kamba.

Tuko watatu, na mimi ndiye mkubwa. Baba alitangulia, mama akamfuata baada ya misimu miwili ya maharage, nikiwa darasa la sita. Hakuna aliyenitoa shule. Ukiamka asubuhi na watoto wawili wanakutazama, unajua mwenyewe kama leo ni siku ya daftari au ya jembe.

Nyumba ilikuwa kijijini Kitahana, ya udongo na nyasi, nyuma yake makaburi mawili yaliyozungushiwa minyaa. Babu alikuja akiwa kijana kutoka Burundi, baba akazaliwa hapa hapa. Alipopewa cheti chake cha uraia alikitia kwenye mfuko wa nailoni, mfuko akautia kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo akalipandisha darini. Nadhani aliamini karatasi ile inatosha kwa kila jambo duniani. Kuhusu kiwanja hakuwa na karatasi yoyote. Kiwanja kilikuwa kinajulikana tu.

Baada ya msiba, mdogo wake baba, anayekaa ng'ambo ya bonde, aliyachukua mashamba ayashike mpaka tukue. Kwetu baba mdogo ni baba kamili. Kwa Kiha unamwita *data*, kama unavyomwita aliyekuzaa, na unapiga goti kumsalimia. Sikuwahi kumwona kama mtu mbaya. Alikuja na mbuzi tulipofiwa, na mdogo wangu wa kiume alipovunjika mkono yeye ndiye aliyempeleka hospitali kwa baiskeli. Nayaandika haya ili msomaji asije akafikiri nilimpa nyumba yetu mtu niliyemwogopa. Nilimpa mtu niliyemheshimu.

Kwa miaka kadhaa nilipikia wafanyakazi wa kambi ya wakimbizi ya Mtendeli. Kambi ilipofungwa na watu wakahamishwa au kurudishwa kwao, nikapata kazi ya kupika shule ya bweni mjini Kibondo. Mdogo wangu akawa anaendesha bodaboda ya mtu. Hatukuwa wa kuomba chakula. Tulikuwa watu wa kile kipato ambacho kinatosha kula na kununua sare ya shule, lakini ukikiambia habari ya bati na saruji kinakucheka.

Ukuta ulipoanguka tulihamia chumba cha kupanga mjini, na hapo ndipo kanisani likasomwa tangazo la shirika moja. Ofisi yao ilikuwa Kasulu. Walisema wanajenga nyumba kwa familia zinazofanya kazi lakini haziwezi kujenga. Familia itoe kiwanja kisicho na mgogoro, ifyatue na kuchoma tofali zake, isombe mawe, mchanga na maji, na ifanye siku za kazi kwenye nyumba za wenzake. Shirika litaleta saruji, bati, milango na fundi. Gharama hizo familia itarudisha kidogo kidogo kila mwezi, kwa miaka, bila riba, na ikimaliza nyumba inakuwa yake kabisa. Nililisikiliza tangazo lile nikiwa nimesimama na sikukumbuka kukaa.

Tulikwenda Kasulu mimi na mdogo wangu. Ofisini tulipokewa na dada mmoja aliyetoka mkoa mwingine, mdogo kwangu kwa umri, viatu vya buti vimejaa vumbi jekundu. Alituuliza kazi zetu, akapiga simu shuleni kuuliza kama kweli mimi ni mpishi, akacheka alipoambiwa maharage yangu ndiyo yanayowazuia wanafunzi kutoroka.

"Mmefika hatua nzuri," alisema. "Nitakuja kukiona kiwanja wiki ijayo. Nataka tu kujua kina mwenyewe na hakina ugomvi."

Njiani kurudi mdogo wangu alikuwa anapiga kelele kwenye basi mpaka abiria wakageuka. "Dada, nyumba hiyo hata mvua itabisha hodi kwanza!"

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mgeni wa heshima hapokelewi na mtoto. Mtu akitoka mbali kuja kuona boma, lazima awepo mzee wa kumkaribisha, la sivyo watu watasema watoto wa marehemu wamejikuza. Kwa hiyo jioni kabla ya siku ile nilivuka bonde mwenyewe, nikapiga goti, nikamwomba baba mdogo aje akae na mgeni. Alikubali mara moja. Alikuja amevaa koti lake la harusi za watu, akaletewa kiti kile kimoja tulichokuwa nacho, akakaa kivulini. Mgeni tulimkalisha kwenye kinu kilichogeuzwa. Mimi nilikuwa mkekani na bakuli la karanga.

Dada wa shirika alizunguka kiwanja, akapima kwa hatua, akayaona makaburi, akainamisha kichwa kidogo. Kisha akarudi akafungua fomu.

"Dada, kiwanja hiki ni cha nani?"

Baba mdogo alikuwa anamenya karanga, hakuinua uso. Katika maisha yangu yote sijawahi kumsikia mtoto wa Kitahana akisema "ni changu" mbele ya baba yake. Hata mwanamume mwenye ndevu na wajukuu, mzee wake akiwa ameketi hapo, ataulizwa ng'ombe hawa ni wa nani naye atajibu ni wa mzee. Kila mtu anaelewa. Jibu lile halina uhusiano na ng'ombe, ni salamu tu.

"Ni cha baba," nilisema, nikamwonyesha kwa kiganja kilichofunguliwa. "Ni cha baba mdogo."

Mgeni alinitazama. "Cha kwake? Si ulisema ni cha marehemu wazazi wenu?"

"Ni cha wazee wetu," nikasema. "Yeye ndiye mzee."

"Ndivyo, mzee?" akamgeukia.

Baba mdogo akapangusa maganda kwenye goti. "Ardhi ya kaka yangu iko kwangu. Na hawa ni wangu."

Hakudanganya. Hata leo nikiyarudia maneno yale sioni uongo ndani yake. Dada wa shirika akaandika, mwenyekiti wa kitongoji aliyefuatana naye akagonga muhuri, baba mdogo akaweka dole gumba mbele ya majirani. Na mimi nilijisikia vizuri. Nilijisikia nimewapokea wageni kama mama angefanya.

Tulifyatua tofali kiangazi kizima. Tulitumia kalibu moja ya mbao, mdogo wangu akikanyaga udongo kabla ya kwenda kwenye bodaboda, mimi nikirudi kutoka shuleni mchana na kuendelea mpaka jua linazama. Mdogo wetu wa mwisho alizifunika kwa nyasi zisipasuke. Tulipanga tanuru, tukalichoma, tukakaa na macho mekundu siku tatu. Jumamosi zilikuwa za siku za kazi kwa familia nyingine. Nilibeba maji ya kuchanganyia zege kwenye nyumba za watu niliokuwa siwajui, nao wakaja kwangu.

"Wee mpishi," mama mmoja aliniita kutoka juu ya jukwaa, "hiyo ndoo unaipakua kwa upawa? Mimina, fundi ana njaa ya zege!"

"Wewe subiri foleni," nikamjibu, "sahani yako iko wapi?"

Tulicheka sana mwezi ule. Sijawahi kuchoka namna ile, na sijawahi tena kucheka namna ile.

Siku ya kukabidhi nyumba walikuja watu wengi. Vyumba vitatu, sakafu ya saruji, bati zinazoumiza macho. Walikuwa wanaita jina la mmiliki kutoka kwenye orodha, naye anakwenda kupokea ufunguo na hati ya kimila ya kiwanja iliyotolewa kijijini. Nilikuwa nimejifunga kitenge kipya. Waliita jina la baba mdogo.

Alikwenda. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, kwa sababu bado sikuwa nimeelewa. Nilidhani amepokea kama mzee anavyopokea mahari, kwa niaba. Aligeuka akanipa ufunguo mbele ya wote. "Mwanangu, fungua nyumba."

Tulikaa peke yetu kama miezi minne. Kisha mwana mkubwa wa baba mdogo akaoa, na mzee akaja kusema kijana atakaa chumba cha mbele kwa muda, mpaka ajenge. Ningekataaje? Mke wake alipojifungua wakahitaji chumba cha pili. Sufuria zangu zikahamia nje. Mdogo wangu wa kiume, ambaye aliukanyaga udongo wa tofali zile kwa miguu yake, alirudi siku moja akakuta kitanda chake kimesimamishwa ukutani nyuma ya nyumba, karibu na makaburi.

"Nyumba ni ya mzee," alisema yule mwana wa baba mdogo, bila hasira, kama anayekumbusha siku ya soko. "Karatasi ipo."

Mdogo wangu aliondoka wiki ile. Alisema anakwenda Rungwe Mpya, kuna mtu atamkodisha shamba. Aliniaga mlangoni lakini hakunitazama. "Dada, ulikuwa na mdomo," alisema. "Siku ile ulikuwa na mdomo."

Nilivuka bonde. Nilipiga goti, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kuanza. Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekufukuza?"

"Hapana, data."

"Kuna siku umelala nje?"

"Hapana."

"Sasa unanishitaki kwa lipi? Wewe utaolewa uende. Mdogo wako hana mke. Nyumba ikae tupu? Uliulizwa mbele yangu, na wewe ndiye uliyejibu."

Nilikwenda Kasulu. Dada wa shirika alilitafuta faili langu, akalifungua, akaisoma ile fomu tangu mwanzo. Nilijua amekumbuka kinu, karanga, koti la mzee.

"Nilikuuliza mara mbili," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Dada yangu, kwa nini hukuniambia?"

"Yeye alikuwa amekaa pale."

"Ungenifuata hata kwenye gari."

Hilo sikulifikiria kamwe. Nilimweleza jinsi tunavyojibu kwetu, na nikaona analielewa neno moja moja. Machozi yalimlengalenga, akayapangusa kwa mgongo wa mkono kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Alisema hati ikishatoka, jina linabadilishwa kwa ridhaa ya mwenye jina tu. Vinginevyo ni baraza la ardhi, na huko nitahitaji mashahidi. Mashahidi wangu ni majirani walioona mzee akiweka dole gumba na mimi nikitabasamu. Alisema pia, huku akitazama meza, kwamba kwa mkataba wa shirika, malipo ya kila mwezi yasipofika, nyumba inaweza kupewa familia nyingine iliyo kwenye orodha.

Kwa hiyo ninalipa. Watu wananiuliza kwa nini, na mdogo wangu aliacha kuniuliza kwa sababu aliacha kupiga simu. Nikiacha kulipa, watu baki wataingia, na makaburi yale yatakuwa nyuma ya nyumba ya watu nisiowajua. Nikiendelea, nalipia chumba kimoja cha nyuma ambamo mimi na mdogo wetu wa mwisho tunalala, na vyumba viwili vya mwana wa baba mdogo. Risiti zinatoka kwa jina la mzee. Naziweka kwenye lile kopo la maziwa ya unga, juu ya cheti cha baba.

Mwaka huu shirika walirudi kuona familia zinaendeleaje. Hakuwa yule dada, alikuwa kijana mpya mwenye simu kubwa ya kujazia majibu. Nilimwona anapanda kilima nami sikwenda kumwita mtu yeyote. Lakini baba mdogo alikuwapo, amekuja kumwona mjukuu, ameketi barazani kwenye kiti kilekile. Nilitoa mkeka na nikaenda kuleta karanga. Sijui kupokea mgeni kwa namna nyingine.

Kijana aliuliza kuhusu bati, kama zinavuja. Aliuliza tunapata wapi maji. Kisha akasoma kwenye simu, bila kuinua macho:

"Nyumba hii ni ya nani?"

Mdogo wetu wa mwisho, ambaye sasa ni msichana wa kidato cha pili, alisimama mlangoni. Alikuwa ananitazama mimi. Nilijua anachosubiri. Nilikuwa nimekaa na jibu hilo miaka yote hii. Nimelisema nikikoroga uji wa shule, nimelisema njiani, nimelisema kwa sauti makaburini.

Baba mdogo alikuwa anamenya karanga. Mikono yake imezeeka.

"Ni ya baba mdogo," nilisema.

Kijana akabonyeza simu. Mlango wa chumba chetu ukafungwa taratibu, na nikasikia komeo likisukumwa kwa ndani. Baba mdogo akamwambia mgeni, kwa fahari ya kweli, "Unamwona huyu? Huyu mtoto amelelewa."