Phelesia Anatafuta Diski Isiyonguruma

Ukitaka kelele katika nchi hii utahudumiwa kabla hujafunga mdomo. Spika, honi, mhubiri na betri yake, mheshimiwa na msafara wake: vyote vipo, na vingine vitakufuata mpaka kitandani. Lakini thubutu kuomba kimya uone utakavyoangaliwa. Muulize Phelesia.

Phelesia ni fundi wa nguo pale Homa Bay. Ameshona sare za kwaya tangu usichana wake, na mlio wa cherehani umemkaa masikioni kama mgeni asiyejua kuaga. Ndiyo maana sebuleni kwake hakuna spika za kutetemesha mabati. Kuna runinga, na chini yake kompyuta iliyojaa sinema na video za familia. Video moja ni ya mama yake akiwa hoi kitandani hospitalini, sauti imebaki uzi tu.

Video hiyo ndiyo iliyomvusha mama yake mdogo, Priscilla, kutoka kisiwa cha Mfangano. Yeye na dada yake walikuwa wamenuniana mpaka dada akafa. Alitaka kujua jambo moja tu: "Alinitaja?"

"Alisema kitu, Mama," Phelesia akajibu, "lakini diski inamfunika."

Kompyuta ikiwaka, diski ndani yake inazunguka na kunguruma. Ukiongeza sauti, feni ya wodini nayo inapanda, mama anazama palepale. Na hiyo diski ilikuwa mpya! Phelesia aliinunua Migori kwa Maroa, akaisikiliza dukani, ikawa kimya kama kaburi. Nyumbani ikasaga kama posho mill. Kumbe mlangoni kwa Maroa kuna spika ndefu kama bibi harusi, inayoimba kutwa nzima. Chini ya spika ile hata trekta lingeonekana lina adabu.

Wakarudi Migori wote wawili na diski yao, wamevimba.

"Mathe, hiyo ndiyo kali," Maroa akapaza sauti juu ya muziki. "Hiyo ni spidi!"

"Spidi ya kwenda wapi? Ninayetaka kumsikia alikuwa anaongea polepole."

"Si uvae earphone?"

Priscilla akamkata jicho. "Maneno ya marehemu husikizwa watu wakiwa wameketi pamoja, kijana. Hayatiwi sikioni kama dawa. Zima hiyo spika tuchague diski."

Maroa akawa kama ameambiwa avue suruali. "Nizime? Watu watasema nimefunga duka!"

Hebu fikiria. Mtu anauza kitu kinachopaswa kunyamaza, mahali ambapo huwezi kusikia hata tumbo lako, halafu anayeonekana kichaa ni mteja!

Priscilla hakufikiria. Mikono yake imevuta mashua mpaka nchi kavu miaka yote. Waya wa spika ni nini? Akaung'oa.

Kimya kikaanguka. Lynnet, muuza viatu wa duka la pili, akaja mbio, kiatu kimoja mkononi. "Maroa! Nani amekufa?"

"Hakuna. Wanapima diski."

"Wanapima na nini?"

"Na masikio."

"Woi," Lynnet akasema, akabaki kutazama.

Maroa akawasha ile ya spidi kwenye kompyuta ya dukani. Ikanguruma, na ilipotafuta video ikatatarika kama mtu anayetafuna njugu kanisani. Akaunganisha nyingine, inayozunguka taratibu. Hii ilikuwa nafuu, ilivuma tu.

"Inakoroma," Priscilla akasema. "Niliolewa na sauti hiyo. Toa."

Mwisho akaunganisha ndogo, nyembamba kama biskuti, ambayo ndani yake hakuna kinachozunguka. Wakategea sikio. Hakuna kitu.

"Imeharibika," Lynnet akasema.

"Inafanya kazi," Maroa akanung'unika.

"Mbona haisemi?"

"Ndiyo ninayoitaka!" Phelesia akapiga meza. "Na ulikuwa umeificha wapi?"

"Ni ndogo, mathe. Sinema zako zote hazitaingia. Watu hutaka kubwa."

"Watu! Mimi nilikuja hapa nikiwa watu? Sinema zitakaa kwa ile kubwa, na nitakuwa naichomoa nikitaka kimya. Hii ni ya kuwashia kompyuta, na ya mama."

Akatoa flash yenye video, Maroa akainakili kwenye ile nyembamba, akaicheza. Feni ya wodini ikapepea. Kisha, chini yake, ile sauti ya uzi ikauliza kwa Dholuo: "Priscilla osechiemo?" Priscilla amekula?

Basi. Mama hakusema lingine. Lynnet akakishusha kiatu polepole.

"Rudia," Priscilla akasema.

Maroa akarudia. Dada akauliza tena kama mdogo wake amekula.

Priscilla akaikazia kompyuta macho. "Bado!" akaijibu kwa hasira. "Bado sijala! Na mdomo ulikuwa nao, ungeniuliza mwenyewe!"