Siku Niliposifiwa kwa Damu ya Skola

Chekeni tu jamani, mimi mwenyewe nimeshajicheka mpaka nimechoka, ila ile siku ya kliniki kama ardhi ya Mpanda ingepasuka ningeingia bila hata kuuliza huko chini kuna nini.

Nina baridi yabisi, ile ya vidole kuvimba na kugoma asubuhi, na kwa fundi cherehani (kibanda changu kipo Makanyagio, mnakijua) vidole vikigoma hakuna ugali. Kinachoniokoa ni vidonge vya mara moja kwa wiki. Daktari alinieleza kwamba maradhi haya ni askari wa mwili kupiga watu wa nyumbani kwao, na vidonge kazi yake ni kuwatuliza hao askari, shida ni kwamba vinaweza kuwatuliza mpaka wakapungua kwenye damu, ndiyo maana kila mwezi napimwa chembe nyeupe. Mwezi uliotangulia zilikuwa zimeshuka, akaniambia zikishuka tena atanisimamishia dawa kwa wiki kadhaa.

Sasa mimi nyumbani nina magauni ya Kipaimara ya watoto wa Nsemulwa, yote yamekatwa, hata moja halijashonwa! Nikapata akili (niliona ni akili). Mdogo wangu Skola alikuwa amekuja kunisalimia kutoka Mpimbwe baada ya kuvuna mpunga, ana nguvu, gunia anabeba peke yake, nikamwambia nenda maabara, wakiita jina langu, Leokadia, wewe itika, nyoosha mkono, rudi.

"Dada, na wakigundua?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba damu haina sura. Akaenda huku anaguna, na mimi nikakaa kwenye cherehani naimba, ingawa mdomo ulikuwa na vidonda kiasi kwamba chai ya moto siigusi, na homa inakuja na kuondoka. Nikajiambia ni uchovu wa kazi.

Siku ya kliniki tumejaa kwenye mabenchi, na daktari ana kawaida ya kutoa somo kwanza kabla ya kumwona mmoja mmoja. Akainua karatasi, akasema kuna mwenzenu damu yake imepanda vizuri kabisa, chembe nyeupe, nyekundu, hata zile za kugandisha, zote ziko sawa. Kisha akaniomba nisimame niwaambie wenzangu ninakula nini.

Ningeweza kusema sijui. Nikasema matembele. Watu wakaitikia kama wako kanisani, sifa zikanipanda kichwani, nikaongeza dagaa wa Kapalamsenga (lazima wa Kapalamsenga, sijui hata kwa nini nilisisitiza), nikaongeza juisi ya rozela iliyochemshwa na tangawizi, kikombe kimoja kabla jua halijatoka. Mzee mmoja mbele yangu, mgonjwa mwenzangu wa magoti, akatoa daftari akawa anaandika, akaniuliza matembele yawe ya mashina mekundu au ya kawaida. Nikamwambia mekundu.

Hapo daktari akatabasamu, akasema kwa damu hii leo ananiongezea dozi. Jasho likanitoka. Nikajitetea kwamba hii ya sasa inanitosha, wenzangu wakadhani ni unyenyekevu, mama wa pembeni ananisukuma kwa kiwiko nipokee baraka, na daktari tayari ameshika kalamu.

Ndipo akaingia Skola na chupa ya uji wangu. Na bwana wa maabara aliyemtoa damu, mgeni pale kazini, sura yangu haijui, naye akawa anapita na makaratasi yake, akamwona, akafurahi kweli. "Leokadia, majibu yako si umeyaona? Mazuri sana."

Skola akaniangalia. Mimi nikaangalia dari.

"Leokadia ni nani hapa?" daktari akauliza, na Skola, ambaye tangu utotoni hajui kudanganya hata mbuzi, akaninyooshea kidole mbele ya benchi zima.

Ikabidi niseme yote, nimesimama hivyo hivyo. Daktari hakufoka. Aliniambia nifungue mdomo, akaviona vile vidonda, akanipeleka maabara mwenyewe. Majibu yalipotoka chembe nyeupe zilikuwa chache mno. Akaiweka karatasi ya Skola pembeni ya yangu, akaongea polepole, "Mama, leo nilikuwa nakuua kwa kalamu."

Nililia, tena kwa sauti, aibu sikuikumbuka tena. Yule mzee, maskini, akasubiri nipenge kamasi, kisha akaniuliza kwa heshima kama haya matembele aendelee nayo au ayafute kwenye daftari.

Dawa ilisimamishwa kama nilivyoogopa, vidole vikajifunga, Skola akakalia cherehani na mimi naelekeza kwa kidevu, na watoto wa Nsemulwa walimpokea Roho Mtakatifu mikono ya magauni ikiwa mmoja mrefu mmoja mfupi. Sitarudia, naapa. Siku hizi nikifika maabara yule bwana ananiuliza mbele ya foleni nzima mimi ni nani, nami nataja majina yangu matatu kwa sauti, foleni inacheka mpaka inayumba, kisha nanyoosha mkono wangu mwenyewe. Wacha wacheke, marehemu hachekwi.