Mzinga Mmoja Uliobaki

Kikundi chetu cha nyuki kilinichagua mwenyekiti kwa sababu moja tu: mimi ndiye niliyekuwa na simu ya kuangalia video za ufugaji. Sikusomea. Nilijifunza kitandani, nikirudia kila kipande hadi bando linaisha, kwa hofu ya kukosea mbele ya watu wa umri wa wazazi wangu.

Kwetu, milimani nje ya Itumba, mtu akishapaka nta ya kuvutia nyuki ndani ya mzinga na kuutundika, anauacha. Anapita kwa mbali, anatazama kama nyuki wanaingia, anaenda zake shambani. Mimi sikuweza. Karibu kila jioni nilifungua mizinga, bomba la moshi wa kutuliza nyuki mkononi, nione masega yamefika wapi. Waya uliofungwa na mwanachama niliufungua nikaufunga upya. Nta waliyopaka wenzangu niliikwangua nikapaka yangu. Sikumgombeza mtu. Nilidhani huo ndio uongozi, kuhakikisha hakuna kinachoharibika.

Nyuki wakaanza kuhama. Nilifungua mzinga nikakuta masega matupu, halafu mwingine hivyo hivyo. Watu nao wakafuata. Jumapili baada ya ibada, pale nyuma ya kanisa tunapokutana, walikuja wachache, na hao wachache walikuwa na msiba wa kuwahi au ng'ombe wa kufunga. Hakuna aliyenilaumu. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Ulipobaki mzinga mmoja wenye nyuki, nilipanda mlimani na bomba langu. Njiani nilimkuta mama mmoja wa kikundi amekaa kando ya jembe lake. Mzinga ule aliutundika yeye.

"Mwenyekiti, unaenda kuwasumbua tena?"

Nilimwambia lazima nijue kama malkia yupo.

"Kwenu kuku akiatamia, huwa unavunja yai uone kifaranga amefikia wapi?"

Alicheka kidogo. Mimi nilianza kumweleza mambo ya kwenye video, nikaachia katikati. Nikamwambia ukweli: nyuki hawa wakihama, kikundi kimekufa, na nitakuwa nimekiua huku nikikihangaikia kuliko mtu yeyote.

Hakunibembeleza. Alinyoosha mkono akachukua bomba, akamwaga makaa na kuyakanyaga.

"Huu niachie mimi, mwanangu. Nikiona vibaya nitakuja kukuambia."

Tangu siku hiyo sijapanda. Asubuhi nikisimama uani naona mti uliotundikwa ule mzinga, lakini kutoka pale huwezi kuona nyuki. Jana nilifika nusu ya njia, miguu ikitaka kwenda, nikageuka. Kumwachia mtu kitu na kukaa kimya ni kazi ambayo sikuiona kwenye video yoyote, na sijui kama naiweza. Jumapili inakaribia. Sijui nani atakuja nyuma ya kanisa.

Yule mama bado hajaja. Kila mlango wa ua unapolia, natoka kutazama, nikihofia ni yeye.