Damu ya Kulinganisha

Safari hii niliipanga mwenyewe, na kosa lake ni langu. Maabara yetu huchunguza kemikali ndogondogo zinazobaki kwenye damu mwili unapotumia chakula, tuone zinavyotofautiana kati ya mwenye kisukari na asiye nacho. Damu ya wagonjwa tulikwisha kuichukua Kibiti mjini. Ilibaki ya wazima, ya kulinganishia. Nikasema nitakwenda visiwani, kule watu wana afya.

Alfajiri niliondoka Kibiti na kisanduku cha barafu. Bandarini Nyamisati nikapanda boti, tukapenya katikati ya mikoko hadi kisiwani.

Mchana nilipokewa na Bi Salama, mama wa makamo ambaye mumewe hukata boriti. Alikuwa amenikusanyia majirani. Nikawaomba wasile kitu baada ya chakula cha jioni, hadi niwatoe damu.

Asubuhi walikuja wote. Nikiwa navaa glavu, Bi Salama akauliza, "Hao wagonjwa wako wa Kibiti wanakula nini?"

"Chapati, maandazi, ugali."

"Sisi ni wali na samaki kila siku. Sasa damu zikitofautiana, mwanangu, utajuaje kama ni ugonjwa au ni samaki?"

Tayari nilikuwa nimeshika sindano. Ningeweza kuchukua damu na kuondoka, nani angejua?

"Na nani kakwambia huku hatuumwi sukari?" akaongeza. "Hatujapimwa tu."

Nikaiweka sindano chini, nikatoa kipimo cha kidole na kuanza na yeye. Sukari ilikuwa juu sana. Nikarudia kidole kingine, ikawa vilevile.

"Kumbe mimi ndiye mzima wako!" akacheka, kisha akakitazama kidole chake.

Wengine niliwapima kidole tu, nikawaeleza kwamba mpango wangu ulikuwa na kasoro. "Umetukalisha na njaa bure," mzee mmoja akanung'unika. Nikamwomba radhi.

Siku iliyofuata nilirudi Kibiti na Bi Salama, akisindikizwa na wifi yake, ambaye sikuwa nimempima. Hospitalini daktari alithibitisha ugonjwa, akampa dawa. Nilimpigia simu mkuu wangu. Nikamweleza yote, akasema, "Basi, tuanze upya."

Nilijifunza kwamba kabla ya kulinganisha damu za watu, sharti nijue wanavyoishi. Nilimwambia hivyo Bi Salama tukiwa nje ya hospitali, nikamwuliza kama atakubali kuwamo kwenye utafiti mpya, upande wa wagonjwa.

"Niandike," akasema. "Wa kulinganisha na mimi, mchukue huyu wifi yangu. Rika moja, chungu kimoja." Akamtazama wifi yake, akanigeukia. "Lakini mpime kwanza."